Ngozi, Jasho na Msiro: Maneno ya Mwili Katika Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Katika kozi nyingi za Kiswahili somo la sehemu za mwili huja mapema na humalizika upesi. Mwanafunzi hufundishwa kichwa, mkono, mguu na tumbo, hufanyishwa zoezi la "kichwa kinaniuma", kisha darasa huelekea sokoni kununua nyanya. Ngozi haitajwi, au ikitajwa hutajwa pamoja na viatu na mikoba. Sisi wenyewe tumefundisha hivyo kwa miaka mingi, na hatukuiona kasoro yake mpaka tulipoanza kuwatayarisha wanafunzi wanaokwenda kufanya ukalimani katika vituo vya afya. Hapo ndipo tulipogundua kwamba mtu anaweza kuwa na cheti kizuri cha Kiswahili na bado asiweze kumuuliza mgonjwa kama baka lililo mgongoni mwake lina hisia au halina. Swali hilo ni dogo, lakini jibu lake linaweza kuamua kama mtu atabaki na vidole vyake.

Kwa sababu hiyo katika toleo hili tunapenda kuieleza ngozi, maumbile yake, kazi zake na tezi zake, kwa kiasi ambacho mwalimu wa lugha anakihitaji. Mifano yetu tunaitoa katika pwani ya kaskazini ya Msumbiji, kuanzia mlango wa Mto Ruvuma, kupita Palma na Mocímboa da Praia, hadi visiwa vya Quirimbas na mji wa Ibo. Tumeichagua pwani hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, mtu wa huko huishi na lugha nyingi kwa siku moja: Kimwani, Kimakonde, Kimakua, Kiswahili cha biashara na cha ndugu walioko Mtwara, na Kireno cha ofisini. Pili, tangu mashambulizi yaliyoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, mambo yalibadilika mno: vita hiyo iliwang'oa watu makwao, na kufikia mwaka 2021 idadi ya waliohama katika mkoa huo ilipita 700,000. Aliyezoea kutibiwa na mtu anayejua lugha yake alijikuta mbele ya mganga asiyeelewa hata salamu yake.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kina neno moja, ngozi, kwa mwili wa binadamu, kwa mnyama aliyechunwa na kwa mkoba ulioshonwa. Kireno hutenganisha: pele ni ya mtu, couro ni ya viatu. Methali yetu ya "ngozi ivute ili maji" haihusu mwili wa mtu hata kidogo, bali ngozi mbichi inayowambwa. Ukitaka kumtofautishia mwanafunzi, mfundishe aseme "ngozi ya mwili", na mara nyingi msemaji wa kawaida husema "mwili" tu: mwili unaniwasha, mwili umenitoka vipele. Upande mwingine lugha yetu ni tajiri pale ambapo nyingine ni maskini. Tunda lina ganda, mti una gome, samaki ana magamba, nyoka ana gamba analojivua. Kujivua gamba, msemo uliovuma sana katika siasa za Tanzania mwaka 2011, ni jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya bila kutangaza, kama tutakavyoona punde.

Ngozi ya mtu mzima, ikitandazwa, ingeenea mita za mraba kati ya 1.5 na 2. Kwa wanafunzi wetu kipimo hicho hakisemi kitu mpaka tuwaambie kwamba ni karibu sawa na kipande kimoja cha kanga. Katika kanga hiyo mna tabaka mbili, na chini yake mna bitana ya mafuta.

Tabaka la juu huitwa epidemisi. Ni jembamba mno: kwenye kope ni kama sehemu tano za mia za milimita, na kwenye unyayo hufika milimita moja na nusu. Halina mishipa ya damu hata mmoja, ndiyo maana mtu akikwaruzwa kidogo na mwiba hatoki damu. Seli zake huzaliwa chini kabisa, husukumwa juu na zile zinazozaliwa nyuma yake, na njiani hujaa keratini, kitu kile kile kilichojenga kucha na nywele. Zikifika juu zimekwisha kufa, zimelala bapa kama vigae vya paa, na hubanduka kidogo kidogo. Safari hiyo huchukua takriban wiki nne. Singo anayosuguliwa bibi harusi huziondoa kwa wingi seli hizo zilizokufa, na mng'ao unaosifiwa siku ya pili yake ni wa vigae vipya vilivyokuwa chini. Mahali panaposuguliwa kila siku, kwa mfano unyayo wa wavuvi na wanawake wanaotembea juu ya miamba maji yakitoka, epidemisi hujibu kwa kuongeza unene. Hiyo ndiyo sugu. Wanafunzi hupenda kujua kwamba "ugonjwa sugu" na "mhalifu sugu" wametoka katika unyayo huo huo.

Katika safu ya chini ya epidemisi ndimo zinamokaa seli zinazotengeneza melanini, rangi ya ngozi. Hapa kuna jambo ambalo hatuna budi kulisisitiza, maana hata watu waliosoma hulikosea. Idadi ya seli hizo ni karibu sawa kwa binadamu wote, awe Mmakonde au Mreno. Kinachotofautiana ni ukubwa wa vifuko vya melanini, aina yake na namna vinavyosambazwa katika seli za jirani. Mtu mwenye ualbino naye anazo seli hizo. Kilichoharibika ni utengenezaji wa rangi. Kazi ya melanini ni kuikinga mbegu ya seli na mionzi ya jua, na ndiyo sababu mwenye ualbino katika pwani kama hii yumo hatarini kupata saratani ya ngozi asipojifunika. Lakini jua hilo hilo huiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D, inayohitajika kwa mifupa.

Suala la rangi linatuletea shida ya vitabu. Maandishi mengi ya tiba yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili husema kwamba ngozi yenye ugonjwa "huwa nyekundu". Sentensi hiyo iliandikwa kwanza kwa kumtazama mtu mweupe. Katika ngozi nyeusi uvimbe ule ule huonekana kama weusi uliozidi, au zambarau, na pengine hauonekani kabisa bali husikika kwa joto mkono unapogusa. Mkalimani anayemuuliza mama wa Palma "je, mtoto amekuwa mwekundu?" atajibiwa hapana, na atakuwa ameuliza swali la mtoto mwingine. Tunapendelea aulize kama mahali pale pamebadilika rangi, na pamebadilika vipi, kisha amwachie mama achague neno lake.

Chini ya epidemisi kuna demisi, tabaka nene lililofumwa kwa nyuzi za kolajeni. Humo ndimo mlimo mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, mashina ya nywele na tezi. Njia iliyo rahisi ya kueleza tofauti ya tabaka hizi mbili ni kumwangalia mzee wa Kimakonde mwenye chanjagao za usoni. Kimakonde huziita dinembo. Fundi alichanja kwa kisu kidogo, akapaka unga wa mkaa katika jeraha, na mistari ile ikabaki na rangi ya buluu nyeusi kwa maisha yote ya mtu. Kama mkaa ungebaki katika epidemisi ungebanduka pamoja na seli zake baada ya mwezi. Umebaki kwa sababu kisu kilifika demisi, na huko seli zinazokula uchafu ziliumeza mkaa zikashindwa kuusaga, kila moja ikifa hurithiwa na nyingine. Baada ya uhuru wa mwaka 1975 desturi hiyo ilififia, na leo huonekana zaidi kwa wazee. Neno lake halikufifia. Nembo, ambayo katika Kiswahili ilikuwa alama ya kabila iliyochanjwa mwilini, sasa iko kwenye barua za serikali, jezi za timu na, ukitazama vizuri, juu ya jarida lolote la chuo. Nalo neno chanjo limetoka katika kitenzi kile kile cha kuchanja. Chanjo ya BCG, anayopewa mtoto mchanga katika Msumbiji na Tanzania, huingizwa ndani ya ngozi yenyewe, si katika msuli, na huacha kovu dogo begani. Hukinga dhidi ya kifua kikuu na pia, kwa kiasi fulani, dhidi ya ukoma, ambao tutaurudia.

Sasa tezi. Mtu ana tezi za jasho kati ya milioni mbili na nne. Kila moja ni mrija mwembamba uliojikunja kama kamba chini ya demisi, ukapanda kwa kujipinda hadi kutoboza juu. Tundu lile huitwa kinyweleo, neno linalowachanganya wanafunzi kwa kuwa watu hulitumia pia kwa tundu la unywele na hata kwa unywele mdogo wenyewe. Tezi hizi ziko nyingi zaidi katika viganja na nyayo. Hutoa maji yenye chumvi, na kazi yao kubwa ni kupoza mwili.

Namna zinavyopoza inastahili kuelezwa polepole, kwa maana watu hudhani jasho hupoza kwa kuwa ni maji. Haliko baridi, limetoka ndani ya mwili ule ule wenye joto. Linapoza linapokauka. Lita moja ya jasho ikigeuka mvuke juu ya ngozi huchukua joto la kutosha kuyafikisha kwenye kuchemka maji ya lita saba yaliyokuwa na nyuzi 20. Jasho linalodondoka chini, au linalofutwa kwa leso kabla ya kukauka, limepotea bure pamoja na chumvi yake. Hapo ndipo pepo za pwani zinapoingia. Wakati wa kusi hewa huwa kavu zaidi, upepo unavuma bila kukatika, na mvuvi anayevuta nyavu hukauka huku akitoka jasho, pengine asijue ametoka jasho kiasi gani ila kwa weupe wa chumvi shatini. Wakati wa kaskazi, Desemba na Januari, hewa imejaa mvuke tayari. Jasho halina pa kwenda. Mwili huendelea kulitoa, kwa kazi nzito hata lita moja au zaidi kwa saa, na joto linabaki pale pale. Kiswahili cha pwani kina neno zuri kwa hewa ya namna hiyo, fukuto, na kitenzi chake, kufukuta. Tunashauri lifundishwe siku ya fukuto yenyewe.

Mgeni anayefika katika majira hayo huteseka wiki ya kwanza, halafu mwili wake huzoea: huanza kutoka jasho mapema zaidi, kwa wingi zaidi, na lenye chumvi kidogo zaidi, kwa kuwa mrija wa tezi hujifunza kuinyonya chumvi na kuirudisha mwilini. Ni zoezi la wiki moja hadi mbili.

Jasho lisipokauka na mirija ikaziba, hutafuta njia nyingine na kuvuja ndani ya ngozi. Vinatokea vipele vidogo vinavyowasha na kuchomachoma, shingoni mwa mtoto, chini ya matiti, mgongoni. Hiyo ni harara. Zanzibar dawa yake ya nyumbani ni liwa, mti wenye harufu nzuri unaosuguliwa juu ya jiwe kwa maji hata ukatoa rojo. Na hapa ndipo tunapoufikia msiro.

Msiro ni jina la mti na la rojo lake pia. Wataalamu wa mimea huuita Olax dissitiflora. Kijiti chake husuguliwa kwa maji juu ya jiwe bapa mpaka upatikane uji mweupe unaoelekea manjano, nao wanawake hujipaka usoni. Ukifika Ibo au Pemba utawaona na nyuso hizo nyeupe sokoni, na utawaona vilevile wanaokwenda kuokota chaza na pweza maji yakitoka. Wamakua wa Nampula, hadi Kisiwa cha Msumbiji, wanao. Ngazija kuna msindzano, Madagaska kuna masonjoany. Mti si mmoja kila mahali, lakini desturi ya kusugua kijiti kwenye jiwe na kupaka uso imezunguka bahari hii pamoja na majahazi. Husimuliwa kwamba zamani msiro ulikuwa na kanuni zake, kwamba uso mweupe ulimtambulisha mwali au mke ambaye mumewe yu safarini. Siku hizi hupakwa na yeyote anayependa ngozi laini.

Kwa maumbile ya ngozi tuliyoyaeleza, tunaweza kusema machache bila kuutia msiro sifa zisizo zake. Maji yaliyomo katika rojo yanapokauka hupoza, kama jasho. Unga mweupe unaobaki hurudisha sehemu ya mwanga wa jua, jambo ambalo mwokota chaza anayeinama juu ya maji yanayomulika saa tatu mfululizo analihitaji. Ukioshwa huondoka na seli zilizokufa. Haubadilishi kazi ya zile seli za melanini. Hapo unatofautiana kabisa na mikorogo yenye zebaki au hidrokwinoni, ambayo huuzwa pande zote za Ruvuma. Hiyo hufanya kazi kwa kuzizuia seli za rangi, na zebaki hupenya ngozi hadi kwenye figo. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza vipodozi vya zebaki kati ya nchi na nchi. Si haki kuviita vitu hivi viwili kwa neno moja, "kujichubua", kama tulivyowahi kuona katika insha za wanafunzi. Anayejipaka msiro hajichubui.

Tezi nyingine tuzipitie haraka. Za mafuta zimeshikamana na mashina ya nywele, na hulainisha ngozi na nywele. Viganja na nyayo hazina. Zikiziba wakati wa kubalehe huleta chunusi. Za kwapani na kinenani ni aina nyingine ya tezi za jasho, hulala mpaka ujana uanze. Jasho lake linapotoka halina harufu. Bakteria walioko juu ya ngozi ndio wanaolichachua, na matokeo yake Waswahili wameyapa jina, kikwapa. Nta ya masikio hutengenezwa na tezi za jamii hiyo zilizobadilika, na hata titi la mama, kwa asili yake, ni tezi ya jasho iliyopewa kazi nyingine. Nywele laini za mwilini huitwa malaika, jina ambalo wanafunzi hulipenda mno. Kila mmoja una kamsuli kake, na baridi au hofu ikikivuta unywele husimama, ngozi inatoka vijipele vya kimbimbi.

Tumefika kwenye ukoma, na hapa ndipo yote tuliyoyasema yanapokutana. Ukoma husababishwa na bakteria ambaye daktari wa Norwei, Gerhard Armauer Hansen, alimtambua mwaka 1873. Bakteria huyo hupenda mahali penye ubaridi kidogo, yaani ngozi, na hukaa ndani ya mishipa ya fahamu. Msumbiji ilitangaza mwaka 2008 kwamba ugonjwa huu umeshuka chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000. Haukuisha. Mwaka 2019 Msumbiji na Tanzania zote mbili zilikuwa bado katika orodha ya nchi zilizoripoti wagonjwa wapya kati ya 1,000 na 10,000 kwa mwaka.

Dalili ya kwanza mara nyingi ni baka lililofifia rangi. Katika pwani hii mabaka ni mengi: kuna mba, kuna choa, kuna makovu ya harara iliyokunwa. Lakini mba na choa huwasha. Baka la ukoma haliwashi wala haliumi, na kwa sababu hiyo mwenyewe hana haja ya kulilalamikia. Mishipa ya fahamu ikiharibika ndani ya demisi vyote vinavyotegemea mishipa hiyo hunyamaza pamoja: baka halihisi, halitoki jasho, na mara nyingi malaika yake hupukutika. Siku ya fukuto utaliona limekauka katikati ya mgongo unaong'aa kwa jasho. Vidole vilivyoharibika mishipa yake havikunjamani hata vikikaa majini muda mrefu, kwa maana ule mkunjano tunaouona tukifua au tukiokota chaza si kulowa kwa ngozi tu; ni mishipa ya fahamu inayoibana mishipa ya damu chini yake.

Basi mganga anachukua uzi wa pamba na kuligusa baka. Mkalimani anauliza nini? Karibu wanafunzi wetu wote husema: "Unasikia?" Kwa Kiswahili ni sahihi kabisa, maana husikia baridi, njaa, maumivu na harufu kwa kitenzi hicho hicho. Lakini mgonjwa aliyefumba macho, akiulizwa na mtu mwenye lafudhi ya kigeni kama anasikia, hujibu "nasikia", akimaanisha kwamba sauti imemfikia. Jibu linaandikwa, baka linahesabiwa kuwa ni mba, na mtu anarudi nyumbani. "Unahisi?" ni afadhali kidogo, ingawa kwa wengi ni neno la kitabuni. Ganzi nalo ni la hatari, kwa kuwa mtu huliunganisha na mguu uliolaliwa, jambo linalopita. Utaratibu wa kitabibu wenyewe umetoa njia iliyo bora kuliko kitenzi chochote: "Fumba macho. Kila nikikugusa, nioneshe kwa kidole nilipokugusa." Asipoonesha, jibu limepatikana bila neno hisi wala sikia.

Kuna adabu zake pia. Baka laweza kuwa usoni, na uso una msiro. Kumwambia mwanamke mtu mzima "futa hiyo" ni kumvunjia heshima. Asalimiwe kwanza, aitwe mama, aelezwe kwamba mganga anahitaji kuiona ngozi penye mwanga, apewe maji na faragha. Jina la ugonjwa nalo lina uzito. Pwani huitwa ukoma, jedhamu au matana, na yote hutamkwa kwa sauti ya chini. Tunawafundisha wanafunzi waseme "mtu mwenye ukoma", na wasiseme "mkoma" hata kama mgonjwa mwenyewe amejiita hivyo.

Dawa zipo, ni mchanganyiko wa rifampisini, dapsoni na klofazimini, na tangu mwaka 1995 hutolewa bure duniani kote kwa mpango wa Shirika la Afya Duniani. Hunywewa kwa miezi sita au kumi na miwili. Hapa tezi zinarudi tena, na mkalimani asiyejua atamponza mgonjwa. Rifampisini hupaka rangi ya chungwa mkojo, machozi na hata jasho. Klofazimini huifanya ngozi iwe na weusi uliozidi kwa miezi mingi. Mtu ambaye hakuambiwa mapema, akiona kanzu yake ya Ijumaa imeingia madoa ya machungwa kwapani, atasema dawa imemgeuza damu, na ataziacha. Sentensi inayohitajika si ngumu: "Jasho na mkojo wako vitabadilika rangi, usiogope, dawa inafanya kazi, na rangi itaondoka." Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaimudu, mradi amewahi kuambiwa kwamba siku moja ataihitaji.

Kwa walimu wanaotaka zoezi la darasani, sisi hutumia uzi wa pamba na kitambaa. Wanafunzi wawili wawili. Mmoja hufungwa macho, wa pili humgusa mkononi na kumhoji, na anayetamka "unasikia" hukaa chini. Raundi ya kwanza huwa fupi sana.